Mchezo Uliopendwa kwa Mujibu wa Sheria

Wasomaji wanaoishi katika nchi zenye akili watadhani haya nimeyabuni. Wanaoishi kwingineko watanielewa bila kukonyezwa. Nchi yenyewe inaitwa Jamhuri ya Kunradhi, na ukiitafuta kwenye ramani hutaiona, kwa sababu Idara ya Ramani bado inasubiri kibali cha kuichora.

Balaa lilianzia mezani. Rais wa Kunradhi, ambaye wananchi humwita Mtukufu Mlezi kwa hiari yao wenyewe kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, alikuwa amealikwa chakula huko Uingereza. Bibi mmoja mwenye mkufu wa lulu, aliyeketi kushoto kwake, akamgeukia akamwuliza kwa upole: "Na wewe, katika michezo yetu ya kale ya jukwaani, unaupenda upi zaidi?"

Mtukufu Mlezi akakohoa. Alikohoa mpaka nyama ikaletwa, akakohoa mpaka nyama ikaondolewa, akakohoa mpaka wakamwita daktari. Taarifa ya Ikulu ilieleza kwamba ziara ilikuwa ya mafanikio makubwa na kwamba kikohozi cha Rais kilipokelewa na wenyeji kwa heshima zote.

Aliporudi nyumbani hakungoja hata kufika Ikulu. Alihutubia taifa pale pale uwanja wa ndege. "Ndugu wananchi," alisema, "taifa lisilo na tamthilia ya Kiingereza linayoipenda ni taifa linalokwenda karamuni bila meno!" Akatoa siku thelathini. Ifikapo Sikukuu ya Jamhuri, Kunradhi iwe imechagua tamthilia moja, ya Kiingereza, ya kale, na iwe imeshaipenda.

Kazi ikaiangukia Wizara ya Utamaduni na Mambo Yanayopendwa, na waziri wake, Mheshimiwa Dakta Farjala Mbwembwe, mtu mnene wa shingo na mwepesi wa mhuri. Siku ya tatu zikatoka fomu. Fomu ya Upendo Namba Saba iliuliza: Jina la tamthilia unayoipenda. Ulianza kuipenda lini. Je, umewahi kupenda nyingine? Kama ndiyo, eleza hatua ulizochukua.

Majibu yalikuja kwa magunia. Mkuu wa Majeshi aliandika, "Ule wenye panga." Waziri wa Kilimo aliandika jina la biskuti alizowahi kula ndani ya ndege. Wabunge mia moja na kumi na wawili waliandika, "Sawasawa na wa Mtukufu Mlezi." Mtukufu Mlezi mwenyewe aliiacha fomu yake wazi, akisubiri kwanza kuona wananchi wanapenda nini ili awaongoze kuelekea huko huko.

Katika nchi nzima alikuwepo mtu mmoja tu aliyewahi kuisoma michezo hiyo, tena yote, tena kwa kupenda. Huyo hakupewa fomu. Alikuwa mfagiaji.

*

Jina lake Sihaba binti Hidaya. Zamani alikuwa mwalimu wa Kiingereza na maigizo katika chuo cha ualimu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kufika viti vya nyuma bila kupazwa. Miaka kumi na tisa kabla ya kile kikohozi, alitunga mchezo kwa Kiswahili akauita *Mlinzi wa Kisima*. Ulihusu kijiji chenye kisima kimoja, na mtu aliyeajiriwa kukilinda kisima hicho dhidi ya ng'ombe. Mlinzi anaanza kwa kufukuza ng'ombe. Baadaye anawataka watu wakiamkie kisima. Kisha anatoa vibali vya kiu. Mwishowe wanakijiji wanaondoka usiku na vijiko vyao, wanajichimbia maji mahali pengine, na mlinzi anabaki peke yake kwenye shimo kavu. Siku kiu inapomshika, anajiandikia maombi, anayapokea mwenyewe, anayasoma, anayakataa.

Uliigizwa mara moja tu. Mlinzi alichezwa na Shomvi, fundi redio mwenye mashavu ya kuchekesha. Siku hiyo Serikali ilimleta afisa wake, kijana mmoja mwenye cheo cha Mhesabu Vicheko Daraja la Pili. Katika Kunradhi wahesabu vicheko hukaa na kulipa jukwaa kisogo, macho kwa watazamaji, daftari mapajani. Kinachotendeka jukwaani hakiwahusu. Kijana yule alihesabu vicheko arobaini na vitatu, vyote bila kibali. Kicheko cha arobaini na nne kilitaka kutoka kwa mkuu wake wa kazi aliyekaa mstari wa mbele, akakizuia kwa leso, na jambo hilo ndilo lililomtisha kijana kupita yote.

Mswada ukagongwa mhuri: UMEPIGWA MARUFUKU. Chini yake kukawekwa sahihi yenye mikia mingi: F. Mbwembwe.

Shomvi alipigwa fimbo za mashavu. Sihaba alifungwa miaka mitatu kwa kusababisha vicheko. Mwaka wa pili wa kifungo mama yake, Bi Hidaya, akafa. Sihaba aliomba ruhusa ya siku moja kwenda kumzika. Maombi yakapanda ngazi mpaka kwa kijana yule yule, ambaye wakati huo alikuwa amepandishwa cheo kwa umakini wake, nayo yakarudi na jibu la mstari mmoja: *Yamekataliwa. Marehemu hakutoa taarifa mapema.* Sahihi ilikuwa na mikia ile ile.

Sihaba hakulia mbele ya askari. Aliikunja karatasi mara nne, akaitia kati ya wayo na kandambili, akaikanyaga mpaka siku ya kutoka. Siku hiyo, kwa kuwa Kunradhi ni nchi ya utaratibu, alirudishiwa mali zake zote kwa kutia sahihi: kanga moja, kandambili jozi moja, mchezo mmoja (marufuku). Kisha wakamwandikia kwenye kitambulisho, *Asikaribie kalamu*, wakampa ufagio katika Ukumbi wa Taifa. Ukumbi wenyewe ulikuwa ghala la mbolea. Alikuwa akifagia mbolea ya Serikali kutoka kushoto kwa jukwaa kwenda kulia, na kesho yake kutoka kulia kwenda kushoto.

*

Siku ya kumi na mbili ya muda uliowekwa, waziri akaja ukumbini mwenyewe. Alikuwa amesikia kwamba Waingereza, walipoondoka, waliacha mle kabati la michezo yao.

Sihaba alimtambua kwa kutazama shingo tu. Ufagio ukamsimama mkononi. Alikuwa ameisubiri siku hii kwa miaka kumi na sita. Alikuwa ameyapanga maneno, akayapangua, akayapanga upya. Sasa mtu yuko hatua tatu mbele yake, anapangusa vumbi la mbolea kwenye miwani, anamtazama usoni, na hamkumbuki hata kidogo.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba, mama. Vile vitabu vya michezo ya Kiingereza vinakaa wapi?"

"Vilikuwa vinakaa kabatini pale, mheshimiwa. Mchwa wamevisoma vyote."

Waziri akalifungua kabati, likammwagia unga miguuni. Akaketi juu ya gunia. Kwa mara ya kwanza Sihaba aliona hofu katika uso ule, na akaona kwamba inamfaa.

"Mama, nina siku kumi na nane. Nikikosa tamthilia, Mtukufu Mlezi atakohoa tena, na safari hii atanikohoa mimi."

Hapo ndipo wazo lilipomjia Sihaba, zima, lenye miguu na mikono. Akaliangalia vizuri kabla ya kufungua mdomo, kama mtu anayekagua samaki sokoni.

"Upo mmoja uliosalia," alisema. "Mchwa waliuogopa. Nimeuhifadhi nyumbani. Nipe siku nne niutafute."

"Ni wa Kiingereza?"

"Tangu jalada mpaka jalada."

"Ni wa kale?"

"Mheshimiwa, ukiushika unakohoa."

Alipofika nyumbani hakuvua hata kanga ya kazini. Aliutoa mchezo wake chini ya kitanda akaanza kuutia Kiingereza, kile cha zamani kilichojaa viapo na kofia. Kitambulisho kilimkataza kalamu, naye ni raia mwema, kwa hiyo alitumia mashine kuukuu ya taipu aliyoiokota ghalani. Kijiji akakipa jina la Kiingereza, ng'ombe akawafanya kondoo, vibali vya kiu akavifunga utepe. Hakubadili kingine. Karatasi alizichovya kwenye chai ya rangi, akazianika juani, akazinyunyizia unga wa kabati.

Jina la mtunzi lilimpa shida. Mwisho akaandika: Sir William Hidday, mtu wa karne ya kumi na saba. Hiyo Hidday aliichonga kutokana na Hidaya. Alitaka wamtaje mama yake, nao hawajui kama wanamtaja.

*

Waziri aliupokea kwa mikono miwili. "Nieleze kwa kifupi, mama, nina kikao."

Akamweleza. Alisimulia kisima, kondoo, vibali na vijiko. Alikuwa akimwangalia machoni, akisubiri kitu kishtuke mle ndani. Hakikushtuka kitu. Mtu aliyelipa jukwaa kisogo hana cha kukumbuka.

"Huyo mlinzi ni mtu mbaya?"

"Mbaya sana."

"Anafanana na nani?"

"Mwingereza mtupu, mheshimiwa."

"Safi," alisema Mbwembwe. "Nimeshaupenda."

Mambo yakaenda mbio. Ijumaa Baraza la Mawaziri likaupenda kwa kauli moja. Jumatatu Bunge likapitisha Sheria ya Upendo wa Taifa. Ili kuokoa muda, waziri alivichukua vifungu vyote kutoka Sheria ya Vicheko, akabadili maneno machache. Kifungu cha tisa kilisema: *Mtu yeyote atakayetamka hadharani kwamba Tamthilia Pendwa si ya Kiingereza, au si ya kale, au haimpendezi, atakuwa ametenda kosa, na atafungwa miaka mitatu pasipo rufaa.*

"Kwa nini mitatu?" aliuliza mbunge mmoja, ambaye alikuwa mgeni.

"Uzoefu unaonyesha kwamba inatosha," alijibu waziri, na Bunge likapiga meza.

Redio ya Taifa ikaanza kumtangaza mtunzi kila baada ya taarifa ya habari. Ulimi wa Wakunradhi haupendi neno linaloishia hewani bila irabu, kwa hiyo ilipofika Jumatano nchi nzima ilikuwa ikimwita Sir Wiliamu Hidaya. Watoto wawili walizaliwa wakapewa jina hilo. Mtaa mmoja ukafuata. Sihaba alikuwa akifagia huku redio ya mlinzi wa ukumbi ikitangaza, "Hidaya, fahari ya jukwaa la dunia," akaacha kufagia, akauegemeza ufagio ukutani. Mama yake alikuwa amezikwa na majirani wanne, bila mwanawe, kwenye mvua.

*

Sikukuu ya Jamhuri ikafika. Mbolea iliondolewa ukumbini, harufu ikabaki kwa sababu haikuandikiwa barua. Onyesho lilianza saa tisa alasiri. Waigizaji walikuwa makatibu wakuu wa wizara, na wigi zao zilisukwa kwa katani ya mkonge. Mstari wa mbele alikaa Mtukufu Mlezi, na pembeni yake mgeni rasmi kutoka Uingereza, Bwana Reginald Potts-Avery, mwenyekiti wa kitu kilichoitwa Chama cha Mapazia Makuukuu. Alikuwa ameletwa athibitishe.

"Unaufahamu mchezo huu?" Rais alimwuliza kabla pazia halijafunguliwa.

Bwana Potts-Avery alilisoma jina kwenye ratiba. Uso wake ukapita sehemu tatu kwa haraka: mashaka, hofu, kumbukumbu tamu. "Loo! Hidday!" alisema. "Tuliucheza shuleni. Mimi nilibeba ndoo."

Sihaba alisimama nyuma ya pazia na ufagio wake. Alisikia maneno yake yakitoka, mengine yamevunjwa miguu na makatibu wakuu, mengine mazima. Kicheko cha kwanza kilitoka kwa Mtukufu Mlezi mwenyewe, pale wanakijiji wanapoamriwa kukiamkia kisima. Baada ya hapo ukumbi mzima ulifunguka. Rais alicheka akapiga goti la mgeni. Mlinzi alipoanza kutoa vibali vya kiu, Rais alilia kwa kucheka. "Hawa Waingereza," alisema akijifuta macho, "walikuwa na viongozi wa ajabu kweli kweli!"

Pazia likafungwa. Watu wakasimama. Mbwembwe akaitwa jukwaani kuvishwa Nishani ya Moyo Mpana na kutoa hotuba.

Sasa ieleweke kwamba Dakta Mbwembwe hakuwa na desturi ya kuzisoma hotuba zake kabla ya kuzisoma. Alikuwa akifungua jalada lililowekwa mezani na kuanza juu kushuka chini; bungeni aliwahi kusoma ratiba ya chanjo ya mbuzi mpaka mwisho, akapigiwa makofi. Na meza ya hotuba siku hiyo ilikuwa imefutwa vumbi na Sihaba.

Waziri akavaa miwani, akafungua jalada, akanguruma:

"*Mlinzi wa Kisima*. Mchezo wa kuigiza. Umetungwa na Sihaba binti Hidaya, mwalimu." Makofi. "Wahusika: Mlinzi, wanakijiji, ng'ombe wawili. Vicheko vilivyohesabiwa: arobaini na vitatu. Unaidhihaki Serikali katika kila ukurasa. Umepigwa marufuku. Sahihi, F. Mbwembwe, Mhesabu Vicheko Dara..."

Aliigeuza karatasi, akaitazama sahihi, akaipima mikia. Kisha akainua macho polepole kuelekea kwenye pazia, na safari hii alimwona yule mfagiaji. Sihaba alikuwa amejitokeza hatua moja ili aonekane vizuri.

"Mheshimiwa," aliita Mtukufu Mlezi, sauti ndogo. "Serikali iliyodhihakiwa ni ipi? Nimecheka nini mimi?"

Mtu mwenye akili angesema ni makosa ya karani, angeomba maji, angezimia. Lakini Mbwembwe maisha yake yote alikuwa amejiokoa kwa kumshtaki mwenzake, na mkono humfuata aliyeuzoeza. Akanyoosha kidole.

"Nimedanganywa, Mtukufu! Ni yule mwanamke! Mchezo huu si wa Kiingereza! Si wa kale! Ameutunga yeye, mimi mwenyewe niliupiga marufuku! Haupendezi hata kidogo!"

Karani wa Bunge, aliyekuwa mstari wa pili, alikuwa akihesabu kwa vidole. "Kifungu cha tisa," alinong'ona kwa mshangao. "Chote."

Mtukufu Mlezi alimgeukia mgeni. Alikuwa na njia mbili tu mbele yake: ama mchezo ni wa Kiingereza na amewacheka Waingereza, ama ni wa hapa na amejicheka mwenyewe, hadharani, mpaka machozi. "Bwana," aliuliza, "mchezo huu ni wa kwenu?"

"Nilibeba ndoo," alisema Bwana Potts-Avery kwa uthabiti.

"Mkamateni waziri," akasema Rais.

*

Kesi ilisikilizwa wiki iliyofuata. Jaji alikuwa mwadilifu. Alikuwa amebakiza siku kumi na moja kustaafu na hakuwa na sababu tena ya kuwa vinginevyo. Mahakama ilijaa. Kwenye benchi la nyuma alikaa Shomvi, mvi zimemjaa, mashavu yameporomoka, na kando yake wenzake wawili wa onyesho lile la zamani. Walikuja wamevaa nguo zao nzuri. Walidhani siku ya mchezo wao imefika.

Mwendesha mashtaka aliuinua mswada wenye mhuri. "Karatasi hii inathibitisha jambo moja tu: kwamba miaka kumi na tisa iliyopita mwanamke mmoja wa hapa aliuiba mchezo wa Sir Wiliamu Hidaya akaufasiri. Mshtakiwa alilijua hilo, na bado akamkana mtunzi wa Kiingereza mbele ya umma."

"Muulizeni mwenyewe!" alilia Mbwembwe kizimbani. Wiki moja ilikuwa imemlegeza shingo. "Sema, mama. Sema ukweli. Ni wako!"

Jaji akamgeukia Sihaba. "Shahidi, unalindwa na kiapo, lolote utakalosema humu halitakufunga. Nakuuliza: ulitunga au ulinakili? Ikiwa ulitunga, huyu alisema kweli, naye atakwenda nyumbani, na mimi nitaamuru jina lako liandikwe juu ya mchezo. Ikiwa ulinakili, atakwenda gerezani. Na wewe utaingizwa katika daftari la wezi wa fasihi. Ukurasa wa kwanza, maana daftari ni jipya."

Sihaba hakuwa ameifikiria hesabu hii. Alikuwa ameutega mtego mpaka pale mlango unapofunga. Hakujua kwamba ndani ya mtego, pamoja na mtu wake, kutakuwa na mchezo wake. Alimtazama Shomvi. Shomvi alimtikisia kichwa kumtia moyo, kama alivyokuwa akifanya zamani nyuma ya pazia. Neno *nilitunga* lilikuja mpaka kwenye meno. Alilionja.

"Mheshimiwa Jaji, naomba kumwuliza mshtakiwa swali moja."

"Uliza."

Akamgeukia Mbwembwe. Sauti yake haikupanda, lakini ilifika viti vya nyuma. "Unamkumbuka mama yangu?"

Mbwembwe alijitahidi. Siwezi kumsingizia, alijitahidi kweli. Alikunja uso, akafumba macho, akapekua maisha yake yote kama mtu anayetafuta ufunguo. Kisha akafumbua macho na kuuliza kwa unyenyekevu:

"Mama yako... alikuwa katika wizara gani?"

Sihaba akamgeukia jaji.

"Nilinakili," alisema. "Neno kwa neno."

Mbwembwe alipiga kelele, askari wakamshika. Lakini Sihaba hakuwa akimsikia. Alikuwa akimwangalia Shomvi, aliyekuwa amesimama. Mzee yule alimtazama kwa muda, kama mtu anayemtazama mgeni aliyevaa nguo za ndugu yake, akachukua kofia yake akatoka. Wale wawili wakamfuata. Hawakuufunga mlango.

*

Mchezo ukawa wa Kiingereza moja kwa moja. Uliingizwa shuleni. Vikatoka vitabu vitatu vya mwongozo, kimoja chote kikihusu hali ya hewa ya Uingereza katika kazi za Hidday. Chama cha Mapazia Makuukuu kikaanza kuucheza kwao, na wakosoaji wa huko wakasema walikuwa wameusahau kwa aibu. Sihaba aliendelea kufagia. Jioni alikuwa akikaa kibarazani akijiuliza kama amefurahi, na mara nyingi jibu lilikuwa ndiyo, na halikumshibisha.

Mwaka wa pili, Serikali ikaagiza kila taasisi iuigize mchezo siku ya Jamhuri, magereza yakiwemo. Ukumbi wa Taifa ukatakiwa kuazima wigi. Sihaba alizibeba kwenye kikapu mpaka Gereza Kuu, akaingia kwa lango lile lile alilolijua.

Mfungwa aliyepangiwa kucheza mlinzi aliletwa apimwe. Alikuwa amekonda, na sare ilimpwaya. Walimchagua kwa kuwa ndiye aliyesoma vizuri zaidi kwa sauti.

Hawakusalimiana. Sihaba alimvisha wigi, akaikaza pini moja karibu na ngozi kuliko ilivyohitajika.

"Nimeusoma," Mbwembwe alisema kwa sauti ya chini. "Sikuwahi kuusoma. Nimeusoma mara arobaini."

Sihaba akachukua pini nyingine.

"Pale mwisho. Anapojinyima maji mwenyewe. Hapo anacheka au analia? Kitabu hakisemi. Nimejaribu vyote viwili na vyote si sawa."

Tangu autunge hakuna mtu aliyewahi kumwuliza Sihaba swali kama lile. Si walimu, si wale wa vitabu vya mwongozo. Nchi nzima iliujua mchezo, na aliyekuja kumwuliza mtunzi ni huyu.

"Mwulize Sir Wiliamu," alisema.

"Nakuuliza wewe."

Alimaliza pini zake, akabeba kikapu, akaenda mpaka mlangoni. Askari akamfungulia. Angeweza kupita. Alisimama pale akijilaani kimoyomoyo kwa lugha zote mbili alizozijua.

"Hacheki wala halii," alisema bila kugeuka. "Anarudi nyuma, anapanga foleni. Yuko peke yake, lakini anapanga foleni. Na usiharakishe."

"Ahsante, mwalimu."

"Si kwa ajili yako," alijibu Sihaba, akatoka.

Siku ya Jamhuri alikwenda kuzikusanya wigi, na kwa kuwa alifika mapema alisimama ukutani pamoja na wapishi. Mbwembwe alijinyima maji. Akatazama huku na huku katika uwanja mtupu, akarudi nyuma hatua tano, akapanga foleni mahali pasipo na mtu mbele yake, akasimama. Alisimama muda mrefu mno. Wafungwa wakaanza kucheka mmoja mmoja, kisha wote, kisha wakanyamaza wenyewe bila kuamriwa, na askari mmoja akavua kofia bila kujua kwa nini.

Sihaba akakusanya wigi zake, akahesabu zote zipo, akarudi nyumbani kwa miguu. Njia nzima alikuwa na hasira, kwa sababu Mbwembwe alikuwa amecheza vizuri.